Ukidaiwa huku na huku: uongee na mkopeshaji, uhamishe mkopo, uuze mwenyewe au umsubiri hakimu?

Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, madeni hubana zaidi kati ya Januari na Machi. Ada na sare zimeshameza akiba, mbolea imeshaingia shambani, mahindi ya Mbozi bado mabichi na mpunga wa Usangu ungali majini. Marejesho hayajui msimu: mengine ya mwezi, mengine ya wiki, mengine ya kila siku saa kumi jioni. Hapo mwenye madeni matatu au manne karibu kila mara hufanya kosa lilelile, yaani kumlipa anayepiga kelele zaidi. Programu ya simu iliyomkopesha 80,000 inamtumia meseji asubuhi, mchana na usiku, basi inalipwa kwanza. Benki iliyoshika hati ya nyumba iko kimya, basi inasubirishwa. Benki haihitaji kelele. Ina hati.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, yapange madeni yako kwa kile ambacho kila mmoja anaweza kukuchukulia. Chukua karatasi moja, andika jina la mkopeshaji, salio, riba kwa mwezi, dhamana, mdhamini na tarehe ya rejesho. Usiandike salio la kichwani. Omba taarifa ya mkopo kwa kila mmoja, maana penati huongezeka bila wewe kuambiwa, na mara nyingine rejesho ulilolipa halikuingizwa. Juu kabisa yakae madeni yenye nyumba, shamba au kadi ya pikipiki inayokulisha. Yafuate yale yenye mtu nyuma yake, kwa maana ya mdhamini au wanakikundi wenzako. Chini yabaki yasiyoshika kitu: mikopo ya simu, deni la dukani, mkopo wa mtaani.

Chini ya karatasi hiyohiyo andika kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi baada ya chakula, kodi ya nyumba, ada na nauli. Tumia mwezi mbaya, usitumie mwezi mzuri. Mkulima wa viazi wa Umalila au Makete apige hesabu kwa bei ya wakati viazi vimejaa sokoni. Hiyo ndiyo namba utakayoingia nayo kwenye mazungumzo, na usiizidishe hata kama afisa mikopo atakukunjia uso.

Kukaa mezani na mkopeshaji mwenyewe

Kwa deni la benki, la taasisi ya mikopo au la SACCOS, hii ndiyo njia ya kuanza nayo, na ubora wake unategemea siku unayokwenda. Nenda kabla rejesho halijachelewa, au ndani ya wiki mbili za kwanza. Benki huuhesabu mkopo kuwa chechefu ukipitisha siku 90 bila kulipwa, na ukishafika huko faili huhamia kwa watu wa kukusanya madeni. Afisa aliyekufahamu na kufika dukani kwako hana tena sauti. Watu wengi hufanya kinyume: huzima simu miezi mitatu ya kwanza, ile ambayo ndani yake wangeweza kupata karibu kila walichoomba.

Afisa mikopo hawezi kukupunguzia kitu kwa uamuzi wake, kwa hiyo usitosheke na ahadi yake. Mpelekee barua, iandike kwa meneja wa tawi, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua iwe na mambo manne tu: namba ya mkopo na salio, kilichotokea (ugonjwa, pikipiki kuibwa, mavuno kuharibika) pamoja na ushahidi wake, kiasi unachoweza kulipa sasa, na unachoomba. Ukurasa mmoja unatosha.

Unachoomba ndicho kinachokosewa sana. Watu huomba muda tu, wakati muda peke yake ni ghali. Chukua mkopo uliobakiza 3,600,000 za mtaji na miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba inaweza kupigwa kwa njia mbili: juu ya kiasi kilekile cha mwanzo hadi mwisho, au juu ya salio linalopungua.

| Mpango | Rejesho la kwanza | Riba yote |
|---|---|---|
| Miezi 12, riba isiyopungua | 426,000 | 1,512,000 |
| Miezi 24, riba isiyopungua | 276,000 | 3,024,000 |
| Miezi 12, riba ya salio linalopungua | 426,000 | 819,000 |
| Miezi 24, riba ya salio linalopungua | 276,000 | 1,575,000 |

Tazama mstari wa pili na wa nne. Rejesho la kwanza ni lilelile, muda ni uleule, lakini tofauti ya riba ni 1,449,000. Kwenye mstari wa nne rejesho pia linashuka kila mwezi hadi kufikia 155,250 mwezi wa mwisho. Kwa hiyo ombi la kwanza liwe njia ya kupiga riba, la pili penati, la tatu muda. Penati ni rahisi kusamehewa kuliko zote, kwa kuwa ni pesa ambayo mkopeshaji hajaitoa mfukoni. Mtaji ni mgumu kupunguzwa, isipokuwa deni limekaa muda mrefu nawe unakuja na fedha taslimu ya kulifunga siku hiyohiyo.

Mkulima aombe ratiba inayofuata mavuno: alipe riba peke yake hadi Juni, mtaji aulipe Julai hadi Septemba. Tarehe aiweke mwezi mmoja baada ya kuvuna, isiwe siku ya kuvuna. Mahindi lazima yakauke, yapukuchuliwe na yapate mnunuzi. Hata anayepanga kuuza kituo cha NFRA (wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula) Makambako au Vwawa asiahidi tarehe asiyoimiliki yeye. Mwenye kahawa Mbozi au chai Rungwe na Mufindi ahesabu malipo anayoyapata kwa uhakika, bonasi aiache nje ya hesabu.

Mapatano haya huharibika kwa sababu zilezile. Ya mdomo hufa afisa akihamishwa kituo. Pesa inayotumwa kwenye namba ya simu ya afisa badala ya akaunti au lipa namba ya taasisi haina ushahidi kuwa ni rejesho. Na ahadi kubwa kuliko uwezo huvunjika mwezi wa pili, ambapo kupangiwa upya mara ya pili ni shida kweli. Usishangae pia ukiambiwa umlete mdhamini asaini tena. Masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake, mdhamini anaweza kuondoka kwenye wajibu, na mkopeshaji anajua hivyo. Mwambie mdhamini wako mapema, asilisikie kwa dalali.

SACCOS ina faida moja ambayo benki haina: akiba na hisa zako ziko humo, na unaweza kuomba akiba ikate sehemu ya deni. Kasoro yake ni kwamba kamati ya mikopo hukaa kwa ratiba yake, hivyo ulizia tarehe ya kikao na barua ifike kabla. Kwenye VICOBA na mikopo ya kikundi, usianze na afisa. Anza na mwenyekiti na mweka hazina, kwa kuwa wenzako ndio watakaolipa pengo lako wiki hiyo. Mwanakikundi anayesema Jumatatu kuwa rejesho la Alhamisi halipo husaidiwa. Anayekosa kutokea Alhamisi ndiye anayefuatwa nyumbani na kuondolewa godoro na sufuria.

Kuhamisha mkopo, au kununuliwa

Njia hii wanaijua zaidi walimu, wauguzi na watumishi wengine wenye mshahara wa uhakika. Benki mpya inalipa deni la zamani, wewe unabaki na rejesho moja. Inafaa kwa masharti matatu kwa pamoja: riba mpya iwe chini, fedha ziende moja kwa moja kwa mkopeshaji wa zamani, na muda usirefushwe sana. Sharti la tatu ndilo linaloua. Mwalimu wa Mafinga aliyebakiza miezi 18 akahamia mkopo wa miezi 72, akapewa na fedha kidogo ya mkononi, ameuza miaka minne na nusu ya mshahara wake kwa ajili ya fedha hiyo. Kabla ya kusaini omba vitu viwili kwa maandishi: kiasi cha kufunga mkopo wa zamani leo, pamoja na ada ya kuufunga kabla ya wakati, na jumla ya marejesho yote ya mkopo mpya. Linganisha jumla kwa jumla, usilinganishe rejesho kwa rejesho.

Watumishi wa umma wana kinga ya kubaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Kinga hiyo inafanya kazi kwenye makato ya mwajiri peke yake. Anayetaka kukopa zaidi ya hapo huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, huyo huchukua kadi ya benki na namba ya siri, na siku ya mshahara theluthi ileile inatolewa kwenye mashine. Ikiwa uko hapo tayari, nenda kwenye tawi la benki yako na kitambulisho, uizuie kadi na uombe nyingine. Siku hiyohiyo mwandikie mkopeshaji kwamba deni unalitambua na taja kiasi utakacholipa kila mwezi. Kuzuia kadi hakufuti deni, kunakurudishia tu uwezo wa kuamua mshahara wako uende wapi.

Mkopo wa ndugu au rafiki ni wa bei nafuu kuliko wote kwa riba, nao ni ghali sana ukivunjika. Uandikeni, hata kama ni kwa mama mdogo. Mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hauna riba, ila ni wa mradi. Kuutumia kufuta deni la zamani kunawaacha wenzako na rejesho lisilokuwa na biashara nyuma yake.

Kuuza mwenyewe kabla ya dalali

Ikiwa hesabu ya karatasi yako inaonyesha kuwa hata ukipewa miezi 24 hutoboi, acha kuomba muda. Uza. Hili ni gumu kulisema kwa mtu mwenye kiwanja chake Uyole au shamba la miti Mufindi, lakini unapouza wewe unachagua mnunuzi, unachagua siku, na kinachobaki baada ya deni ni chako. Mnadani unalipia pia gharama za dalali na matangazo.

Kwa ardhi iliyowekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya 1999 kama ilivyorekebishwa inakupa notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa kabla deni lote halijadaiwa kwa mkupuo. Sheria ya madalali nayo inataka mnada wa ardhi utangazwe kwa umma angalau siku 14 kabla, na tangazo liwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Siku 60 hizo ndizo muda wako wa kutafuta mnunuzi. Usizimalize ukitafuta mtu wa kuzuia mnada.

Uza kwa wazi. Mwandikie mkopeshaji kwamba una mnunuzi, mnunuzi alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, hati iachiwe mkiwa wote watatu hapo. Kumuuzia mtu kwa siri ardhi ambayo hati yake iko benki ni kumtengenezea mwenzako kesi na wewe pia. Pikipiki na bajaji ni vilevile: kadi iliyoshikwa na mkopeshaji haibadilishwi jina mpaka aiachie.

Jambo la kuangalia ni kuuza kitu kisichokomaa. Misonobari ya miaka minane bei yake haifanani hata kidogo na ya mbao zilizokomaa, na mahindi yanayouzwa yakiwa bado shambani mara nyingi humwacha mkulima akinunua unga mwezi Novemba. Kati ya kuuza miti michanga na kuuza kiwanja kisichotumika, sisi tungeuza kiwanja.

Mnada ukifanyika hata hivyo, bado una haki. Ardhi ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya kawaida ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kuwa mkopeshaji hakutimiza wajibu wake, na ni yeye wa kuthibitisha vinginevyo. Weka bei za viwanja vilivyouzwa karibu yako mwaka huo, kwa maandishi. Nyumba ya ndoa nayo haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kama sahihi ya mke au mume haipo, au ni ya kughushi, mwone mwanasheria mara moja.

Msaada wa nje: Benki Kuu na wasaidizi wa kisheria

Wengi huja huku wakitarajia deni lifutwe. Halifutwi. Msaada wa nje una nguvu pale mkopeshaji alipovunja sheria, na pale tu. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba yao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu 69 za mikopo ya simu zinazofanya kazi bila leseni, kwa hiyo kabla hujakimbizana na meseji za programu yako, angalia kama imo kati ya hizo.

Benki Kuu ina tawi Mbeya na dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Utaulizwa kwanza kama ulilalamika kwa mkopeshaji mwenyewe, na hapo ndipo nakala ya barua yenye mhuri inapokuwa na thamani. Beba mkataba, taarifa ya mkopo, risiti na meseji zilizochapishwa. Programu inayowatumia ndugu na wafanyakazi wenzako meseji za kukudhalilisha inagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hutoa huduma bure kwa asiye na uwezo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Rungwe, Kilolo au Wanging'ombe, itakuelekeza waliko. Wanasaidia kusoma mkataba, kuandika barua na kukaa nawe kwenye mazungumzo. Kwa mtu anayeingiwa na woga mbele ya meneja, hilo la mwisho lina uzito kuliko anavyofikiri.

Kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kali unaorejeshwa kila siku, ni eneo ambalo njia hii inashinda zile nyingine. Pima mfano huu: unapewa 300,000, inakatwa 30,000 ya fomu, unaondoka na 270,000, kisha unarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 390,000. Umelipa 120,000 kwa kutumia 270,000 chini ya mwezi mmoja, tena pesa yenyewe ukianza kuirudisha kesho yake. Usikope kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Piga hesabu ya ulichopokea na ulichokwisha kulipa, toa pendekezo la maandishi la kumalizia mtaji na riba iliyo ndani ya ukomo, mbele ya msaidizi wa kisheria au mtendaji wa mtaa.

Na polisi? Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai. Hukamatwi kwa sababu ya deni tupu. Ni tofauti kabisa kama ulipeleka hati ya kughushi au ulikopa kwa jina la mtu.

Kuacha lifike mahakamani

Si njia ya kuchagua kwa hiari, lakini haitishi kama watu wanavyoichora. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na hakimu anaweza kuamuru deni lilipwe kwa mafungu. Huwa tunaona deni lililokuwa likiongezeka penati kila wiki likisimama kwenye kiasi kimoja kinachojulikana. Kuanzia mahakama ya wilaya, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga vitu visikamatwe: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi, zana za fundi, jembe na mbegu za mkulima, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Kinga hii haigusi ulichokiweka rehani wewe mwenyewe. Kifungo cha madai kipo, kina ukomo wa miezi sita, na hakiji bila kuitwa kwanza ujieleze.

Kosa moja hapa halina dawa rahisi, nalo ni kutoitikia wito. Usipokwenda, hukumu ya upande mmoja hutolewa, na salio lenye penati zote ambazo ungeweza kuzipinga linakuwa deni la mahakama. Nenda, hata bila wakili, ukiwa na risiti zako.

Tungechagua ipi

Mwenye duka Mwanjelwa ambaye biashara bado inazunguka, aende mezani wiki hii, aombe riba ya salio linalopungua kabla ya muda. Mtumishi mwenye mikopo miwili ya benki na kadi iliyoshikwa, azuie kadi kwanza, kisha ndiyo afikirie kununuliwa. Mwenye notisi ya siku 60 mkononi na kipato kisichofikia nusu ya rejesho, atafute mnunuzi kuanzia siku ya kwanza, na mazungumzo yake na benki yawe ya kuuza. Kijana wa bodaboda mwenye programu tano za simu, aziangalie leseni, amalize ndogo zilizo halali, na rejesho la pikipiki lisiguswe kwa ajili ya meseji za mtu.

Deni likiisha, kazi haijaisha. Omba barua ya kumaliza mkopo. Chukua hati, kadi ya pikipiki na hundi zozote ulizoacha, na kwa ardhi hakikisha rehani imeondolewa kwenye ofisi ya ardhi, kwa kuwa hati iliyo mkononi na rehani iliyo kwenye daftari havikuruhusu kuuza wala kukopa. Baada ya mwezi mmoja au miwili omba taarifa yako kutoka kwa wanaotunza kumbukumbu za wakopaji, kama Creditinfo au Dun & Bradstreet, uone kama deni limeandikwa kuwa limelipwa. Kama halijaandikwa, barua ile ya kumaliza mkopo ndiyo utakayorudi nayo kwa mkopeshaji.